Mwaa kwa mwaa: shajara ya mapambo ya harusi ya mdogo wangu

Zimebaki siku 71

Kikao cha familia kimevunjika saa nne usiku na nimetoka na kazi tatu ambazo hakuna aliyenibebesha. Mpambaji aliyekuja kukagua ua wetu alitaja bei, baba akakohoa, mama akatazama dari. Bei yenyewe ni ya satini, maua ya plastiki na viti vinavyovalishwa magauni, vyote vya kukodi, na asubuhi yake vyote vinarudi stoo kwa mwenyewe. Nikajisikia nasema, "Mapambo niachieni mimi." Mdogo wangu, ambaye ndiye bi harusi, akanitazama kama anayemwona mtu anaingia baharini na nguo zake.

Nilichoahidi mbele ya wajomba ni hiki: kanga za sare za wanawake wa nyumbani, zichapwe kwa mkono na ziwe na jina letu wenyewe, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, taa za katani za kutundika uani, na mkeka mpya wa kufungia ndoa, wa ukili, yaani utepe unaosukwa kwa miyaa, majani ya kusukia mikeka, ambayo jani lake moja ni mwaa. Udi na vikuba vya maua sikuvihesabu, hivyo ni vya kila harusi.

Tupo Ngamiani, Tanga mjini. Ua wetu unaingia watu 150 wakikubali kubanana. Harusi ni katikati ya Julai na leo masika bado yanatunyeshea. Naanzisha shajara hii ili siku nikimwambia mtu "mbona kazi ndogo tu", awepo wa kunisomea.

Zimebaki siku 68

Nimekwenda kununua kitambaa. Kanga moja ni kama mita 1.5 kwa 1.1, doti ni kanga mbili, nami nataka doti sita: ya bi harusi, ya bibi, ya mama, ya shangazi, ya mama mkwe na ya kwangu. Vipande 12, mita 18. Nikaongeza mbili za kuharibu.

Nimechagua marekani, pamba isiyo na mbwembwe. Jina hilo lina safari yake: katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Zanzibar pamba iliyofumwa kwao. Meli ziliacha kuja zamani, jina likabaki limeng'ang'ania kitambaa.

Muuzaji akapima mita 20 za nguo nyeupe, akaikunja taratibu kuliko kawaida, akaniinamia. "Pole sana dada. Nani tena?"

Nikamwambia ni harusi. Akacheka mpaka akakaa, akanipunguzia elfu mbili. Mama nilipomhadithia hakucheka. Alisoma dua fupi, akaufungua ule mzigo na kuutandaza kitandani ili usilale umekunjwa vile.

Zimebaki siku 66

Nimefua kitambaa chote kwa maji ya moto na sabuni kutoa dawa ya kiwandani, maana rangi haishiki juu ya dawa. Kimerudi karibu sentimita 90. Heri kirudi leo kwenye beseni kuliko kirudi kesho kiunoni mwa mama mkwe wa watu.

Zimebaki siku 62

Taa. Wazo ni jepesi: unapuliza puto, unalipaka mafuta ya mgando, unalizungushia uzi wa katani uliolowekwa kwenye gundi, ukikauka unatoboa puto na unabaki na tufe la uzi lenye matundu. Ndani unaweka taa ndogo za LED zisizopata moto, kwa sababu katani kavu na glopu ya kawaida ni kutafuta zimamoto.

Uzi wa katani kwetu hautafutwi. Baba amefanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi, na akiuona tu uzi mkononi mwa mtu lazima aseme: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na mkoa mzima ukaota hapo. Amesema leo asubuhi. Amesema tena mchana, kwa mgeni.

Mimi kwa ubahili nilikataa kununua gundi, nikapika uji mzito wa unga wa ngano. Nimezungushia maputo manne na kuyatundika kwenye kamba ya nguo.

Zimebaki siku 60

Puto moja limepasuka jua lilipotoka ghafla. Mawili yamenywea usiku na matufe yamebonyea kama embe lililokaliwa. La nne limekauka vizuri sana, na mende wamelila upande mmoja. Uji wa ngano, jamani. Nilikuwa nawaandalia futari.

Nimenunua gundi nyeupe ya mbao. Vipimo vinavyofaa: vikombe viwili vya gundi kwa kimoja cha maji. Ikizidi maji uzi unalegea, ikipungua haipenyi ndani ya nyuzi.

Zimebaki siku 57

Nimekwenda Pangani kwa bibi, mama yake mama, kuagiza mkeka. Bibi hajui mita na hana mpango wa kuzijua.

"Niambie pima."

Nikakaa chini na karatasi. Mkeka nautaka wa mita 1.7 kwa 1.2. Ukili anaosuka bibi ni wa upana wa vidole viwili, kama sentimita nne, hivyo safu 30 zinajaza upana. Kila safu mita 1.7, na pima yangu, mikono ikinyooshwa ncha hadi ncha, ni mita 1.7 kamili. Nikajipigia makofi moyoni. "Pima thelathini, bibi."

"Thelathini," akasema, na akaingia ndani kutoa miyaa.

Ilikuwa imeshaanikwa na kukauka, imefungwa vichwa vichwa. Akachana chane mbele yangu kwa ukucha wa kidole gumba. Hatazami hata, anasikiliza tu ile sauti ya jani linavyopasuka, na chane zinatoka sawa kama zimekatwa kiwandani. Nyingine zimeshachemshwa na rangi, za zambarau na za kijani. Kabla ya kusuka anazinyunyizia maji na kuzifunika na gunia, chane kavu inavunjika. Akaanza njia nane, yaani chane nane kwa pamoja. Nikamuuliza utachukua muda gani.

"Mwaa kwa mwaa," akasema. "Mkeka ukiuhesabia siku hauishi."

Zimebaki siku 50

Ugomvi wa jina. Shangazi ameingia kutoka Mombasa kwa basi la asubuhi, hajavua viatu ameshauliza, "Leso zenu zitasemaje?" Kwake kanga ni leso, na leso bila jina ni kitambaa cha meza. Alituonya kwamba tukishindwa atapita Mtaa wa Biashara, kwa watu wa Mali ya Abdulla walio kwenye biashara hiyo tangu 1887, abebe korija nzima na sisi tuone haya.

Mama anataka dua: MOLA WAJAALIE KHERI NA BARAKA.

Shangazi anataka hili: WALIOSEMA HAOLEWI NJOONI MLE PILAU.

Chumba kizima kimelipuka. Mdogo wangu ameangua kicheko huku machozi yanamtoka, kwa sababu wote tunawajua waliosema, na wawili kati yao wamo kwenye orodha ya wageni. Mama ameapa kwamba fumbo hilo halitavaliwa ndani ya nyumba yake. Shangazi amejibu kwamba hilo si fumbo, ni mwaliko.

Sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu herufi.

Zimebaki siku 49

Hesabu imemaliza ugomvi. Ninachapa kwa vibao vya herufi nitakavyovikata mwenyewe kwa wembe, kila herufi kibao chake. Jina la mama lina herufi 13 tofauti. La shangazi nalo 13. Kukata herufi moja vizuri kunanichukua karibu saa nzima, na O na B na R zina visiwa ndani, ukikata tu kisiwa kinadondoka na unabaki na shimo.

Nikakumbuka maneno ya bibi. Nikaandika: MWAA KWA MWAA MKEKA UMETIMIA. Herufi 24 kwa jumla, lakini tofauti ni nane tu: M, W, A, K, E, U, T, I. Na M nikiikata kwa mistari iliyonyooka, ukiipindua ni W. Saba! Yenye kisiwa ni A peke yake.

Mama amelikubali kwa kuwa halina ubaya. Mdogo wangu amelikubali kwa kuwa ni la bibi. Shangazi amelisoma mara mbili, akasema ni zuri, ila halimgusi mtu.

Zimebaki siku 45

Vibao nimevikata kwenye filamu za eksirei. Ni ngumu kiasi, hazilowani, wembe unapita bila kurarua. Hizi ni za goti la baba la mwaka juzi. Aliuliza kama goti limeshapona nikamwambia wewe ndiye wa kujua. Ukiinua herufi M kwenye mwanga unaona mfupa wa paja unashuka katikati ya mguu wake.

Mihuri ya pindo nimechonga kwenye soli za malapa yaliyokatika. Soli ya malapa inachongeka kama sabuni na inanyonya rangi kiasi tu. Pindo ni korosho, kwa sababu kanga isiyo na korosho inaonekana haijaamua inataka kuwa nini. Kwa mji, yaani katikati ya kanga, nilichora mche wa mkonge, majani yametawanyika kama nyota, nikajiona msanii. Nikampigia bibi simu kumhadithia.

"Mkonge una miiba."

"Ni picha tu, bibi."

"Bi harusi hafunikwi miiba."

Mkonge umetoka, asumini imeingia. Petali tano na kitone katikati, soli moja, nusu saa. Rangi hazikuniumiza kichwa: nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kama kisutu, kanga ya mabibi harusi tangu enzi za bibi zetu.

Zimebaki siku 40

Jaribio la kwanza kwenye kile kipande cha kuharibu: rangi imepita chini ya kibao na E imekuwa kama sega lililovunjika meno. Kosa ni langu, nilichovya sifongo nikapaka kama anayepaka ukuta. Dawa niliyoipata baada ya kuharibu nusu mita: kipande cha godoro, kichovye, kikandamize kwenye gazeti mpaka kionekane kama kimekauka, halafu gonga wima, usivute. Gonga mara tatu nyembamba, usigonge moja nzito. Chini ya kitambaa weka blanketi lililokunjwa, si meza tupu.

Zimebaki siku 38 hadi 27

Kanga moja kwa siku, wakati mwingine nusu. Pindo kwanza, halafu mji, halafu jina. Mistari ya pindo naipiga kwa kamba iliyopakwa chaki, kama mafundi wanavyopiga mstari wa tofali. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua pana mgongo.

Kanga ya saba nilichapa usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Asubuhi mdogo wangu amesoma kwa sauti: "Mwaa kwa wmaa." Ule ujanja wangu wa M na W. Nimeitazama kanga ile kwa muda mrefu. Hakuna kufuta. Hiyo itakuwa ya kwangu.

Rangi ya kitambaa haikomai mpaka ipigwe pasi ya moto, dakika kama nne kila sehemu, juu yake umetandika kitambaa chembamba. Umeme wetu wiki hii una hasira, nikaazima pasi ya mkaa kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Kanga ya nane ina alama ndogo ya cheche pembeni, karibu na korosho ya tatu. Imeenda kwa shangazi. Ameiona na amesema ni pambo.

Taa nazo zimepata ufumbuzi, na si wangu. Mpwa wangu wa miaka 11 alinitazama nalia na maputo, akaniletea kibofu cha ndani cha mpira wa miguu uliochanika. Kibofu hakinywei usiku, hakipasuki juani, na uzi ukikauka unakitoa upepo na kukichomoa kupitia tundu uliloliacha juu. Kinatumika tena. Timu yao imechangia vibofu vitatu kwa malipo ya pilau siku ya harusi, sahani kubwa, makubaliano yameandikwa. Katika chumba cha uani chenye feni kila taa inakauka kwa siku mbili. Tayari nina taa 13 kati ya 20.

Zimebaki siku 21

Bumba la ukili limefika kutoka Pangani kwa gari la abiria, limefungwa kwa kamba kama tairi. Ni zuri. Njia nane, zambarau na kijani vinakimbizana, huoni mahali bibi alipounga chane mpya. Nimelitandaza uani kulipima.

Mita 45.

Nilihitaji 51. Nimepima tena. 45. Nimepiga simu, shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, nikauliza kwa adabu zote kama zilitimia pima thelathini.

"Zimetimia. Nimezihesabu mimi na jirani."

Ndipo nikaelewa. Bibi ni mfupi. Mikono yake ikinyooka ni mita moja na nusu.

"Wewe uliniambia pima," akasema. "Pima ni mikono ya anayesuka."

Mita sita pungufu, pima nne zake. Nikishona hivi hivi, upana wa mkeka unapungua kama sentimita 14, yaani shehe, wali wa bi harusi, bwana harusi na mashahidi wawili watakaa kama wamo kwenye daladala. Nikasema nitakwenda soko la Mgandini kununua ukili wa kumalizia. Bibi alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Wa kununua hautakaa na huu. Nakuja Jumapili na chane. Utasuka."

Zimebaki siku 18

Bibi amekuja. Ameketi kwenye kibao cha mbuzi, amenyoosha miguu, amenifunga ncha ya ukili kwenye kidole gumba cha mguu wangu mwenyewe ili uwe umekazwa. Njia nne kulia, nne kushoto. Ya pembeni inaingia juu ya moja, chini ya moja, juu ya moja, inabaki katikati. Halafu upande wa pili vivyo hivyo. Mdomoni ni sentensi moja. Mikononi, vidole vyangu vimekuwa kumi na vyote vya mtu mwingine.

Saa ya kwanza nimesuka kiasi cha urefu wa kiberiti. Bibi amekifumua.

Saa ya pili, viberiti viwili. Amefumua kimoja.

Zimebaki siku 12

Sasa natoka na karibu mita moja kwa siku, baada ya kazi, kuanzia saa moja hadi saa nne. Nimegundua kwamba mkono wangu wa kulia unavuta kuliko wa kushoto, hivyo ukili unapinda kama mtu anayetembea huku anatazama nyuma. Ukili wa bibi ukiuweka sakafuni unalala. Wa kwangu unainua kichwa.

Mdogo wangu anakuja kukaa nasi usiku, anachagua chane na kuzinyunyizia maji. Hatuongei mambo makubwa. Jana ameuliza kama nakumbuka alivyokuwa akikojoa kwenye mkeka wa sebuleni nami nabebeshwa kuuanika. Bibi akasema mkeka ule naye ndiye aliyeusuka, na kama angejua angeusuka mdogo zaidi.

Zimebaki siku 6

Mita sita zimetimia. Bibi ameshona mkeka kwa siku mbili, sindano ndefu na uzi wa chane, safu kwa safu. Sehemu yangu amekubali iwe ya mwisho, pembeni, safu kama tatu na nusu. Ninaiona nikiwa mlangoni. Imeshuka kidogo halafu imepanda, kama wimbi dogo pwani wakati wa maji mafu.

"Ipindwe ukingo?" nikamuuliza.

"Kwa nini? Wataiona wanaokaa pale."

Zimebaki siku 2

Udi tumepika uani. Sukari na mawardi motoni, ikivutika kama asali tunamwaga vumbi la udi, sandali na miski. Sufuria ya kwanza iliungua wakati shangazi anahadithia. Nyumba ilinuka kashata ya msiba. Ya pili imekubali. Tumeikata vipande na kuvifunga kwenye mabaki ya marekani, vifurushi 80, kila kimoja kina muhuri wa korosho. Wageni wakipungukiwa watagawana wenyewe.

Kesho

Asumini zinachumwa saa kumi na moja jioni zikiwa vikonyo, bado zimefumba. Ukichelewa zimeshapanuka na hazitungiki vizuri. Watoto wanachuma kwa majirani watatu waliotupa ruhusa, na mmoja ambaye tutamwomba radhi. Shangazi anatunga makoja, sindano nyembamba, uzi uliolowa. Mama anafunga vikuba vya mrehani, asumini na waridi moja moja. Vinafunikwa kwa kitambaa kibichi na kuingia friji, samaki wakatoka. Vidole vya kila mtu ndani ya nyumba vinanukia, hata vya baba, ambaye hajafanya chochote.

Siku yenyewe

Naandika saa nane usiku, hina bado mkononi.

Mkeka ulitandikwa saa kumi, baada ya Alasiri. Chetezo kikapitishwa. Bwana harusi alikaribishwa akaketi upande wa ukingo, juu ya safu zangu tatu na nusu. Nilikuwa dirishani na wanawake, ndani ya kanga yenye WMAA, na nikawa simtazami yeye, natazama goti lake. Alipokuwa anasubiri shehe apange karatasi zake, alipitisha kidole kwenye ule mpindo, akaufuata mpaka unapoishia, akarudi nao. Hakuuliza. Bibi aliyekuwa kando yangu akaniminya mkono.

Taa 20 ziliwaka Magharibi na ua mzima ukaingia madoadoa ya kivuli, hadi kwenye nyuso za watu. Hilo sikulipanga, ila nilipopongezwa nilikubali. Baada ya Isha kikanyesha kile kimvua cha Julai, cha mchoo, dakika kumi tu. Gundi nyeupe ya mbao ikilowa inarudi kuwa gundi. Taa mbili zililegea, moja ikateremka polepole kwenye waya wake hadi bega la mzee mmoja wa upande wa pili, akakaa nayo kwa heshima akidhani ni zawadi. Zilizobaki 18 tuliziingiza barazani. Ningezipiga vanishi koti moja tu zisingefanya hivyo. Vanishi ilikuwa stoo, nilinunua wiki iliyopita, sikuifungua.

Mpwa wangu na timu yake walikula sahani yao kubwa, wakadai ya pili kwa sababu vibofu vilikuwa vitatu.

Siku ya tatu baada

Hesabu ya vilivyobaki: taa 18, majirani wameshaziazima kwa harusi ya mwezi ujao, nami nimezipaka vanishi kabla ya kuzitoa. Udi, vifurushi vinne. Gundi nusu ndoo. Mkeka ameondoka nao bi harusi, alikataa kupokea mwingine. Mama mkwe wake amevaa kanga yake kwenda sokoni, nimeambiwa na watu wawili. Ilipofuliwa mara ya kwanza nyekundu haikutoka. Nyeusi ilitoka kidogo kwenye pindo, nilikopiga pasi haraka umeme uliporudi.

Bibi amerudi Pangani. Kabla ya kupanda gari alinipa kichwa kizima cha miyaa na kusema mkono wa kulia niulegeze.

Shangazi anaondoka kesho. Leo jioni amekuja na bahasha yenye vile vibao vya eksirei, amevipanga mezani, akavaa miwani.

"Hapa una W, A, I, E, M na U, siyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nimebakiza L, O, S, H, N, J na P. Herufi saba tu, mwanangu. Na baba yako ana goti la pili."